Wakfu wa fedha taslimu: Utafiti umefika wapi?

WAKFU ni miongoni mwa taasisi kongwe za hisani katika Uislamu. Neno lenyewe linatokana na Kiarabu na lina maana ya kusimamisha au kuzuia. Mwenye mali huizuia mali yake isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na manufaa yake yakaelekezwa kwenye jambo la kheri kama vile msikiti, madrasa, hospitali, kisima au matunzo ya mayatima.

Kwa karne nyingi watu wengi waliifahamu mali hiyo kuwa ni ardhi, nyumba, maduka au shamba la minazi. Lakini pembeni ya wakfu wa namna hiyo umekuwapo wakfu mwingine ambao mali inayozuiwa ni fedha taslimu. Fedha hizo huwekezwa, mtaji ukabaki palepale, na faida peke yake ndiyo inayotumika kwa walengwa.

Katika miongo mitatu iliyopita wakfu wa fedha umegeuka kuwa uwanja mpana wa utafiti katika vyuo vikuu, mabenki na taasisi za dini, hususan Malaysia na Indonesia. Wanahistoria, wanasheria, wachumi na wataalamu wa teknolojia wameandika mengi juu yake. Makala haya yanaeleza chimbuko la mjadala huo, mikondo mikuu ya utafiti, mapengo yaliyopo na namna jambo hili linavyougusa mwambao wa Afrika Mashariki.

Swali la msingi

Msingi wa wakfu hurejeshwa kwenye tukio la Umar bin Khattab, ambaye alipata ardhi huko Khaibar akamwendea Mtume Muhammad (S.A.W.) kumtaka ushauri. Alielekezwa aizuie asili ya mali ile na kuyatoa sadaka matunda yake. Kutokana na tukio hilo wanazuoni walijenga kanuni kwamba asili hubaki na matunda hutumika.

Kwa ardhi kanuni hiyo ni nyepesi kueleweka. Mnazi huangua nazi na mnazi ukabaki. Nyumba hupangishwa, kodi ikapatikana na nyumba ikabaki. Fedha hazina tabia hiyo. Mtu hawezi kunufaika na dinari wala shilingi bila kuitoa mkononi mwake. Je, kitu ambacho manufaa yake yamo katika kukitoa kinaweza kuzuiwa?

Jibu la madhehebu halikuwa moja. Katika madhehebu ya Hanafi, kauli mashuhuri ya kuruhusu inanasibishwa na Zufar, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa aliyeishi karne ya pili ya Hijria. Yeye aliona kwamba fedha zinaweza kuwekwa wakfu zikapewa mfanyabiashara kwa mkataba wa mudharaba, na sehemu ya faida ikatolewa sadaka. Mwanafunzi mwingine wa Abu Hanifa, Muhammad Al-Shaybani, aliruhusu wakfu wa vitu vinavyohamishika pale ambapo desturi ya watu imevizoea.

Wanazuoni wa Maliki waliruhusu fedha ziwekwe wakfu kwa ajili ya kukopesha wahitaji bila riba. Mkopaji hurejesha kiasi kilekile, kisha akakopeshwa mwingine. Madhehebu ya Shafii, kwa rai yake iliyo mashuhuri, iliukataa wakfu huo kwa hoja kwamba kitu kinachowekwa wakfu ni sharti kibaki chenyewe wakati kinapotumiwa.

Rai hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee kwa wasomaji wa Kiswahili. Waislamu wengi wa Lamu, Mombasa, Unguja, Pemba na miji mingine ya mwambao hufuata madhehebu ya Shafii, na Minhaj cha Imam Nawawi ni miongoni mwa vitabu vya fikihi vilivyosomeshwa huko kwa muda mrefu.

Mgogoro wa Istanbul

Mahali ambapo wakfu wa fedha ulistawi kuliko kwingine kote ni Dola ya Uthmaniya. Kumbukumbu zinaonyesha kuwapo kwake tangu mwanzoni mwa karne ya 15, na wakfu unaotajwa zaidi kuwa wa kale ni ule wa mji wa Edirne wa mwaka 1423. Katika karne iliyofuata ulienea Istanbul, Bursa na miji ya Balkan kama Sarajevo.

Utaratibu wake haukuwa mgumu. Mtu aliweka wakfu kiasi cha sarafu za akçe mbele ya kadhi, akamteua mutawali wa kuzisimamia na kutaja matumizi ya faida. Mutawali alizikopesha kwa watu wa mji kwa mikataba iliyopangwa ili kukwepa riba ya wazi, na kwa kawaida pato lilikuwa kati ya asilimia 10 na 15 kwa mwaka. Kwa pato hilo walilipwa walimu na maimamu, mabomba ya maji yalitengenezwa, na wakazi wa mtaa walisaidiwa kulipa kodi zilizowaelemea.

Katikati ya karne ya 16 jambo hilo lilizua mgogoro mkubwa wa kielimu. Çivizade Muhyiddin Mehmed, aliyekuwa Sheikh-ul-Islam kuanzia mwaka 1539 hadi 1542, aliupinga wakfu wa fedha kwa nguvu na kutaka upigwe marufuku. Baadaye Birgivi Mehmed, aliyefariki mwaka 1573, aliendeleza upinzani huo akihofia kwamba watu wanaingizwa katika riba kwa jina la ibada.

Upande wa pili alisimama Ebussuud Efendi, Sheikh-ul-Islam kuanzia mwaka 1545 hadi 1574. Yeye alitetea wakfu huo kwa hoja ya desturi iliyokwisha kukita mizizi na kwa hoja ya maslahi, kwani kuubatilisha kungezifunga huduma nyingi ambazo watu walizitegemea. Rai yake ndiyo iliyoshinda katika mahakama za dola.

Mzozo huo wa karne ya 16 ndio uliofungua utafiti wa kisasa. Mwaka 1979 Jon Mandaville alichapisha uchunguzi wake juu ya mgogoro huo katika jarida la kimataifa la taaluma za Mashariki ya Kati, na tangu hapo ni nadra kuona andiko la wakfu wa fedha lisilomtaja.

Mkondo wa kwanza: historia na takwimu

Mkondo wa kwanza wa utafiti ulikuwa wa wanahistoria wa uchumi. Mwaka 1970 Ömer Lütfi Barkan na Ekrem Hakkı Ayverdi walichapisha daftari la wakfu za Istanbul la mwaka 1546, lenye zaidi ya wakfu 2,500. Daftari hilo liliwapa watafiti kitu ambacho fatwa peke yake hazikuweza kuwapa, yaani idadi, viwango na majina ya mitaa.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa ya Murat Çizakça, mchumi wa Uturuki, ambaye mwaka 1995 alichapisha uchunguzi wa wakfu za fedha za Bursa kuanzia mwaka 1555 hadi 1823. Kwa kufuatilia daftari za mahakama mwaka hadi mwaka, aliweza kuona ni wakfu zipi zilidumu na zipi zilitoweka.

Matokeo yake yalivunja dhana mbili. Wapo waliodhani kwamba fedha haziwezi kudumu hata kidogo, lakini ilibainika kuwa karibu moja kati ya tano ya wakfu hizo ilivuka umri wa miaka 100. Wapo pia waliodhani kwamba fedha hizo zilikuwa mtaji wa wafanyabiashara wakubwa. Daftari zilionyesha kwamba sehemu kubwa ilikwenda katika mikopo midogo ya watu wa kawaida.

Jambo lililozisaidia zile zilizodumu lilikuwa kuongeza mtaji. Sehemu ya pato ilirudishwa kwenye asili, au wafadhili wapya waliongeza chao juu ya wakfu uliokuwapo. Zile zilizogawa kila kilichopatikana zilikuwa katika hatari zaidi, hasa serikali ilipoichezea sarafu. Katika miaka ya 1585 na 1586, kwa mfano, akçe ilipunguzwa madini yake kwa karibu nusu. Mwalimu aliyewekewa mshahara maalumu katika hati ya wakfu alipokea idadi ileile ya sarafu, lakini sokoni alirudi na nusu ya kapu.

Mwaka 2001 mchumi Timur Kuran alileta hoja pana zaidi. Alisema kwamba taasisi ya wakfu kwa ujumla ilitoa huduma nyingi za umma, lakini masharti ya mwanzilishi yaliifunga mikono, ikashindwa kubadilika kadiri mahitaji ya jamii yalivyobadilika. Hoja hiyo imejibiwa na wengi. Baadhi ya waliomjibu wanasema wakfu wa fedha ulikuwa na unyumbufu ambao wakfu wa ardhi haukuwa nao.

Mkondo wa pili: fatwa na sheria

Mkondo wa pili ulianza pale mabenki ya Kiislamu yalipotafuta njia ya kuihuisha taasisi hiyo. Nchini Bangladesh, mchumi M. A. Mannan alikuwa nyuma ya kuanzishwa kwa Social Investment Bank mwaka 1995, na mwishoni mwa muongo huo benki hiyo ilianza kutoa hati za wakfu wa fedha. Mtu wa kipato cha kawaida aliweza kununua hati kidogokidogo, akachagua lengo la hisani, na benki ikawekeza fedha hizo kwa niaba yake.

Fikra hiyo ilibadili sura ya mwekaji wakfu. Zamani alikuwa sultani, waziri au tajiri mwenye majumba. Kwa hati za aina hiyo, karani, mwalimu na muuza duka nao waliweza kuwa waweka wakfu.

Indonesia ilifuata kwa hatua za kisheria. Tarehe 11 Mei 2002 Baraza la Maulamaa la nchi hiyo, MUI, lilitoa fatwa ya kuruhusu wakfu wa fedha kwa sharti kwamba thamani ya mtaji ihifadhiwe, isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe. Mwaka 2004 ilipitishwa Sheria Namba 41 ya Wakfu, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2006. Sheria hiyo iliunda Bodi ya Wakfu ya Indonesia, BWI, na kuweka ukomo wa malipo ya msimamizi kuwa asilimia 10 ya pato halisi.

Mwezi Machi mwaka 2004, Chuo cha Kimataifa cha Fikihi ya Kiislamu kilichokutana Muscat, Oman, kilipitisha azimio namba 140 linaloutambua wakfu wa fedha kuwa ni sahihi. Malaysia ilipata fatwa ya Baraza lake la Taifa mwaka 2007, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mfuko wa wakfu wa taifa.

Watafiti wa sheria wanavutiwa na jambo moja katika matukio hayo. Indonesia na Malaysia, kama ulivyo mwambao wa Afrika Mashariki, ni nchi za Kishafii. Wanazuoni wake walipita kwa kuitazama thamani ya fedha badala ya noti zenyewe. Noti huondoka, walisema, lakini thamani ikirudi na kulindwa, asili imebaki. Kwa wanaokubali hoja hiyo, kizuizi cha zamani kimeondoka. Wasioikubali wanauliza ni nani atakayeilinda thamani, na kwa dhamana gani.

Indonesia ilijaribu kulijibu swali hilo ndani ya sheria. Fedha za wakfu hupokewa kupitia taasisi za fedha za Kiislamu zilizoidhinishwa. Zikiwekwa benki ni sharti ziwe chini ya bima ya amana, na zikiwekezwa nje ya benki ni sharti ziwe na bima ya Kiislamu.

Mkondo wa tatu: moyo wa mtoaji

Baada ya fatwa na sheria kupatikana, watafiti waligeukia watu. Kwa nini Mwislamu anayetoa zaka na sadaka kila mwaka hatoi wakfu wa fedha?

Hapo ndipo lilipoibuka kundi kubwa la tafiti za hojaji, nyingi zikitoka Malaysia na Indonesia. Tafiti hizo mara nyingi hutumia nadharia ya tabia iliyopangwa, iliyoelezwa na mwanasaikolojia Icek Ajzen mwaka 1991. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, kusudio la mtu hutokana na mtazamo wake, shinikizo la watu wanaomzunguka na imani yake kwamba jambo analiweza.

Watafiti wameongeza vipengele vingine kama uchamungu, elimu ya wakfu, uaminifu wa msimamizi na wepesi wa njia ya kulipia. Mambo mawili hujitokeza tena na tena katika maandishi hayo, nayo ni ujuzi na imani. Wapo wengi wasiojua kwamba fedha zinaweza kuwekwa wakfu, na wapo wanaojua lakini hawana hakika na anayezishika.

Udhaifu wa tafiti hizo nao unafahamika. Nyingi huwauliza watu kama wanakusudia kutoa, wala hazifuatilii kama walitoa. Nyingi hukusanya majibu kwa watu walio karibu na mtafiti, wakiwamo wanafunzi wa vyuo vikuu. Kutia alama ya "ndiyo" kwenye karatasi hakugharimu kitu, ilhali kutoa fedha ambazo mtu hatazirudisha mfukoni ni jambo jingine.

Mfano wa pengo hilo ulionekana wazi nchini Indonesia. Tarehe 25 Januari 2021 Rais Joko Widodo alizindua harakati ya taifa ya wakfu wa fedha. Makadirio yaliyokuwa yakitajwa wakati huo ni kwamba wakfu wa fedha ungeweza kufikia rupia trilioni 180 hivi kwa mwaka. Kiasi kilichokuwa kimekusanywa hadi wakati huo kilikuwa chini ya rupia trilioni moja. Uzinduzi huo ulizua mabishano, kwani baadhi ya wananchi walihofia kwamba fedha za dini zinakwenda kuziba mapengo ya bajeti, na serikali ikalazimika kutoa maelezo.

Mkondo wa nne: sukuk na simu

Mkondo wa karibuni zaidi unahusu vyombo vipya vya uwekezaji. Unaotajwa sana ni mpango wa Indonesia wa kuunganisha wakfu wa fedha na sukuk, yaani hatifungani zinazofuata sharia. Mpango huo ulitangazwa mwaka 2018 mjini Bali, wakati wa mikutano ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa.

Toleo la kwanza lilitoka mwezi Machi mwaka 2020 likiwa na thamani ya rupia bilioni 50.8 kwa muda wa miaka mitano. Fedha za wakfu zilinunua sukuk ya serikali, na pato lake likaelekezwa katika kujenga na kuendesha kituo cha matibabu ya retina kwenye hospitali ya macho ya Achmad Wardi, mjini Serang, mkoa wa Banten. Mwishoni mwa mwaka huohuo lilitolewa toleo la wananchi wa kawaida, lililokusanya karibu rupia bilioni 15.

Mpango huo una sura mbili. Mtoaji anaweza kuweka wakfu wa kudumu, na muda wa sukuk ukiisha mtaji hubaki mikononi mwa msimamizi. Anaweza pia kuweka wakfu wa muda, na mtaji ukarejeshwa kwake. Wakfu wa muda unakubalika katika madhehebu ya Maliki na katika sheria ya Indonesia ya mwaka 2004, lakini wanaoshikilia kwamba wakfu ni wa milele huutazama kwa jicho la shaka.

Watafiti wengine wameelekea kwenye teknolojia. Wanachunguza uchangishaji wa wakfu kwa njia ya mtandao, programu za simu na mfumo wa blokucheni, ambao huandika kila muamala mahali ambapo hakuna mtu mmoja anayeweza kuufuta. Lengo linalotajwa ni kurejesha imani, ili mtoaji aione shilingi yake ilipokwenda. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maandishi hayo ni mapendekezo ya mifumo, na machache hupima mfumo uliokwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa.

Aidha, tangu Umoja wa Mataifa ulipopitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, watafiti wengi huuhusisha wakfu wa fedha na vita dhidi ya umaskini, elimu, afya na mikopo midogo isiyo na riba.

Hesabu isiyokwepeka

Katika mikondo yote hiyo lipo tatizo moja linalorudi, nalo ni mfumuko wa bei. Hesabu ndogo inatosha kulionyesha.

Tuseme mtu ameweka wakfu shilingi 1,000,000 kwa ajili ya yatima. Fedha hizo zinaleta faida ya asilimia 8, yaani shilingi 80,000 kwa mwaka, na bei za bidhaa zinapanda kwa asilimia 5 kila mwaka. Msimamizi akigawa faida yote, kitabuni mtaji utasomeka milioni moja daima. Lakini baada ya miaka 14 milioni hiyo itanunua takriban nusu ya kile ilichonunua siku ya kwanza. Asili inaonekana imebaki, kumbe nusu yake imeyeyuka.

Ili kuilinda thamani, ni sharti shilingi 50,000 zirudishwe kwenye mtaji, zibaki 30,000. Msimamizi akichukua asilimia 10 ya faida, ambayo ni shilingi 8,000, yatima anapata 22,000. Mwaka ambao faida itashuka au bei zitapanda zaidi, huenda kisibaki kitu.

Huo ndio mzani unaowasumbua watafiti. Yatima wa leo anahitaji chakula leo, na yatima wa miaka 50 ijayo naye ana haki katika mali ileile. Anayegawa kila kitu humnyima wa kesho, na anayezuia kila kitu humnyima wa leo. Baadhi ya wataalamu hupendekeza akiba ya lazima ya kila mwaka. Wengine hupendekeza fedha zinunue mali isiyohamishika au hisa ambazo thamani yake hupanda pamoja na bei.

Hapo pia pana utata wa maneno unaozaa migogoro. Wakfu wa fedha ni pale ambapo fedha zenyewe ndizo mali iliyozuiwa. Mtu anapotoa fedha ili kununua matofali ya msikiti, huo ni wakfu wa jengo uliofanywa kwa njia ya fedha. Sheria na vitabu vya hesabu vya hali hizi mbili havifanani. Msimamizi asiyezitenganisha anaweza kutumia mtaji akidhani ni mchango, au kuufungia mchango akidhani ni mtaji.

Mapengo yaliyopo

Wanaoipitia hazina ya maandishi hayo hutaja upungufu wa aina tatu.

Kwanza ni upungufu wa takwimu za wakfu zenyewe. Ni rahisi kupata makala yanayopendekeza muundo mpya, lakini ni vigumu kupata hesabu za miaka 10 au 20 za wakfu uliopo, zikionyesha mtaji, faida, gharama na waliofaidika. Daftari za Bursa za karne ya 17 zinaeleza mengi kuliko ripoti nyingi za karne ya 21.

Pili ni upungufu wa tathmini. Mtafiti anaweza kueleza fedha zilizokusanywa, lakini ni wachache wanaorudi kijijini kuuliza kama mkopo ule ulibadili maisha ya mkopaji.

Tatu ni upungufu wa kijiografia. Malaysia na Indonesia zimetawala uwanja, ilhali Afrika, yenye mamia ya mamilioni ya Waislamu na historia ndefu ya wakfu, huonekana kwa nadra.

Mwambao wa Afrika Mashariki

Wakfu si jambo geni Afrika Mashariki. Misikiti, makaburi, nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na mashamba ya mikarafuu na minazi yaliwekwa wakfu kwa vizazi vingi. Serikali ya kikoloni iliunda tume ya wakfu nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 1900, na Zanzibar ikafuata mwaka 1905.

Usimamizi huo haukupita bila malalamiko. Mwanzoni mwa muongo wa 1950 Baraza la Faragha mjini London, katika rufaa iliyotoka Kenya, liliubatilisha wakfu uliowekwa kwa ajili ya familia, kwa kuupima kwa vigezo vya sheria ya Kiingereza ya hisani. Utafiti wa Norbert Oberauer, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha jinsi utawala wa kikoloni ulivyobadili mwenendo wa wakfu Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ardhi ilitaifishwa na sura ya umiliki ikabadilika tena.

Hivi leo Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, iliyoundwa upya kwa sheria ya mwaka 2007, na Kenya ina Makamishna wa Wakfu wenye makao yao Mombasa. Kazi zao zimeelemea zaidi kwenye majengo na ardhi. Nyumba kuukuu huhitaji ukarabati, na kodi ndogo haitoshi kuukarabati ukuta unaoanguka.

Hapo ndipo wakfu wa fedha unapokuwa na maana ya moja kwa moja. Mfuko wa fedha uliowekwa wakfu kwa ajili ya ukarabati unaweza kuihuisha nyumba iliyowekwa wakfu miaka 100 iliyopita, na kodi ikapanda kwa faida ya walengwa.

Nyenzo nyingine zimekwisha kujitokeza. Mabenki ya Kiislamu yalianza kazi Kenya mwaka 2008, na Tanzania ikapata Benki ya Amana mwaka 2011. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na sasa imefika vijijini ambako tawi la benki halijawahi kuonekana. Sukuk nazo zimeanza kutolewa katika nchi hizo mbili. Njia ya kukusanya shilingi 1,000 kutoka kwa watu 10,000, ambayo Bangladesh iliitafuta kwa hati za karatasi, hapa tayari imo mikononi mwa wananchi.

Nyenzo hizo, hata hivyo, hazitoi jibu la swali la fikihi wala la uaminifu. Wanazuoni wa mwambao wana kazi ya kueleza kama wanaifuata rai mashuhuri ya Shafii, au wanachukua njia waliyoichukua wenzao wa Jakarta na Kuala Lumpur. Wanasheria wana kazi ya kuandika masharti yatakayoutenganisha mtaji na michango ya kawaida. Wasimamizi nao wana kazi ya kuchapisha hesabu kila mwaka, ili hata bibi kizee aliyetoa shilingi 500 aweze kuzisoma au kusomewa.

Mwenye kuweka wakfu akifariki dunia hawezi tena kwenda mahakamani kuuliza zilikokwenda fedha zake, na yatima anayezistahiki huenda hajui kama zipo. Ndiyo maana tangu zama za Ebussuud na Birgivi mabishano hayajapoa. Waliounga mkono na waliopinga walikubaliana katika jambo moja, kwamba amana iliyotolewa kwa ajili ya Mungu haifai kupotea mikononi mwa watu.